Mnyama Mwenye Ndege Mgongoni

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mnara wa mbuga ya Kilalinga ulifungua vidirisha vyake vyote mia nne kwa mpigo mmoja, na vidonakupe vikatoka kwenda kazini.

Kila kimoja kilikuwa na ukubwa wa ngumi ya mtoto, mabawa laini yasiyopiga kelele, na mdomo wa chuma wenye ncha mbili. Kazi yake ilikuwa moja tu, kutafuta kupe. Kilinusa damu, kikapima joto la ngozi, kikatua mgongoni mwa mnyama na kuanza kudona, kupe mmoja baada ya mwingine, mpaka kifuko chake kijae. Kikijaa kilirudi mnarani, kikamwaga mzigo wake ndani ya tanuri, kikatoka tena. Zamani kazi hiyo ilifanywa na ndege wa kweli, shashi, ambao walishinda migongoni mwa nyati na pofu wakijilia kupe bila kuombwa na mtu. Sumu za majosho ziliwamaliza shashi. Kisha joto likaongezeka, baridi ya Juni iliyokuwa ikiwaua kupe wachanga ikakoma kuja, na kupe wakawa wa mwaka mzima. Hapo ndipo vidonakupe vilipobuniwa, na tusiseme uongo, ilikuwa raha kuvitazama. Watu walisafiri kutoka Iringa mjini na watoto wao ili waone tu lile wingu likitoka mnarani asubuhi.

Aliyevibuni, Daktari Twilumba Luvanda, hakuwa akivitazama. Alikuwa amepiga magoti nyasini, mikono imezama hadi viwiko ndani ya tumbo la pofu dume aliyekufa dakika ishirini zilizopita. Pofu ndiye swala mkubwa kuliko wote, mzito kupita ng'ombe wa maziwa, na huyu alikuwa amenona hasa. Risasi ilimwingia nyuma ya sikio. Aliyeipiga alikuwa amesimama kando, kimya, magurudumu sita na mtutu mmoja. Ile ndiyo mashine iliyoitwa Msasi, yaani mwindaji.

"Ini?" aliuliza Kikoti, askari wa wanyamapori, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, ambaye ndiye aliyejaza taarifa za kila windo.

"Safi."

"Bandama?"

"Safi."

"Mafuta ya figo?"

"Mengi. Andika mengi."

"Basi nyama safi," alisema Kikoti, akagusa kibao chake, na muhuri wa kijani ukatokea. Nyama ingegawiwa vijijini kabla ya mchana, kama ilivyo desturi.

Twilumba alijifuta mikono, akainua kichwa. Hatua mia mbili hivi kutoka pale kundi lilikuwa limesimama, na lilikuwa kundi la kutia huruma. Majike walikuwa wamenyonyoka manyoya mabegani, ngozi imebaki na mabaka ya kijivu. Masikio yamelala. Ndama wawili walikuwa wamekaa chini saa ambayo ndama hukimbizana. Na kila mgongo ulikuwa na vidonakupe vyake, vinne, vitano, vinadona kwa bidii.

Miaka kumi na miwili nyuma Kilalinga ilikuwa na pofu elfu tatu na ushee. Sasa walikuwa mia tatu na kumi na mmoja. Kupe waliwanyonya, ndigana, homa iletwayo na kupe, ikawamalizia, na kila mwaka ndama walizaliwa wadogo kuliko wa mwaka uliotangulia. Mamlaka ya Wanyama ya Kusini ilikuwa imechoka kungoja. Mkurugenzi Machibya alikuwa amekwisha kutoa agizo: ifikapo Ijumaa, pofu wote wa Kilalinga wauawe, wasije wakawaambukiza ng'ombe wa bonde la Pawaga. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Twilumba alikuwa amezaliwa umbali wa saa moja kutoka hapo, na pofu hao aliwajua kabla hajajua kusoma.

"Kikoti," alisema polepole. "Tangu uanze kazi hii, umewahi kugonga muhuri mwekundu?"

Kikoti alifikiri. "Wa nyama mbovu? Sijawahi, Daktari. Hata mara moja. Si ndiyo sifa yetu?"

"Kundi linakufa. Wale wanaokufa wenyewe porini nikiwapasua nawakuta damu nyepesi kama maji ya mchele. Sasa wanaopigwa risasi, mbona wote ni wazima?"

Kikoti alimtazama dume pale chini, kisha akatazama kundi. Hakuwa mtu wa kukurupuka na maneno. "Msasi hapigi mwenye ndege," alisema. "Wewe mwenyewe ndiye uliyetuambia."

Twilumba alivitazama tena vidonakupe migongoni mwa kundi.

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Baba yake Twilumba, Mzee Luvanda, alikuwa mwindaji, mtoto wa mwindaji, mjukuu wa mwindaji, na alikuwa na kibali chake halali. Ukoo wao ulikuwa na taratibu nyingi za porini, na watoto walifundishwa mapema. Mtoto wa kike aliruhusiwa kufuatana na wasasi mpaka kijito cha Mbegasi, basi. Hapo aliachwa kwenye jiwe moja bapa, apewe kibuyu cha maji, angoje. Yaliyofanyika ng'ambo hakuyaona. Lakini njiani kabla ya kijito baba yake alimfundisha mambo, na jambo la kwanza lilikuwa hili: mnyama mwenye ndege mgongoni hapigwi. Twilumba alikuwa na miaka saba. Alilipenda neno hilo. Aliona kwamba ndege ni mgeni wa yule mnyama, na mwenye mgeni hasumbuliwi.

Alipokuwa mhandisi mkubwa, na Mamlaka ikaamua kwamba uwindaji wa watu ukome na mashine ichukue nafasi yake, kwa kuwa mashine hailewi wala haimjeruhi mnyama ikamwacha, Twilumba ndiye aliyeandika kanuni za Msasi. Aliingiza uwiano wa nyasi na idadi ya wanyama, majira ya kuzaa, umri, pembe. Mwisho, kwa mapenzi tu, akaongeza kanuni ya baba yake, kidonakupe kikihesabiwa kuwa ndege. Siku ya uzinduzi alisimama jukwaani mbele ya mawaziri, akasema, "Kanuni hii sikuipata chuoni. Nilifundishwa na baba yangu, Mzee Luvanda, aliyekaa pale." Watu walipiga makofi mpaka mzee akalazimika kuinuka na kuvua kofia. Dakika chache baadaye wasasi kumi na tisa wa vijiji vya jirani walipanga foleni, wakakabidhi bunduki zao mezani. Baba yake alikuwa wa kwanza.

Twilumba alikwenda kukaa garini, akafungua kumbukumbu za akili unde ya Msasi. Haikuchukua hata robo saa. Pofu waliopigwa kwa miaka kumi na miwili: elfu moja mia sita arobaini. Waliokuwa na kidonakupe mgongoni: hakuna. Kisha akafungua kumbukumbu za vidonakupe. Kwa pofu mzima, mwenye ngozi inayowashinda kupe, kidonakupe kilikaa chini ya dakika moja, kikaona hakuna kazi, kikaruka. Kwa pofu mgonjwa kilikaa saa tatu, nne, siku nzima.

Hesabu ilikuwa wazi, haikuhitaji daktari. Vidonakupe viliwakalia wagonjwa, na Msasi akamruka kila aliyekaliwa. Waliobaki bila ndege ni wale wenye damu nzuri, na hao ndio walioanguka, asubuhi baada ya asubuhi, kwa muhuri wa kijani. Wagonjwa wakabaki, wakapandana, wakazaa wagonjwa. Mashine zote mbili zilifanya kazi yake barabara, na mtu aliyeziunganisha alikuwa yeye.

Alishuka garini akatapika. Kikoti aligeukia upande mwingine, akajifanya anakagua gurudumu la Msasi.

Baada ya kunawa uso alimpigia Machibya. Sura ya mkurugenzi ilitokea kwenye kioo cha gari, amechoka, kikombe cha chai mkononi. Twilumba alimweleza yote, hakuficha jina lake. Machibya alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo geuza kanuni," alisema. "Msasi awapige wenye ndege. Si unaweza?"

"Naweza leo hii. Lakini kidonakupe kikikosa joto la mnyama aliyekufa kinarukia wa jirani. Na huyo naye atapigwa. Kufika kesho jioni hatabaki pofu hata mmoja."

"Basi ondoa vidonakupe."

"Nikiviondoa, Msasi atamjuaje mgonjwa? Hajui. Sikumfundisha ugonjwa, nilimfundisha ndege tu."

Machibya aliweka kikombe chini. "Dada Twilumba, mimi si adui wa pofu. Lakini nina ng'ombe elfu sitini bondeni. Kama kuna mtu anayeweza kuwatenga wagonjwa mmoja mmoja kwa macho yake kabla ya Ijumaa, atenge, nami nitasubiri. Nusu shari ni heri kuliko shari kamili. Kama hakuna mtu, agizo linabaki."

Twilumba alimjua mtu mmoja tu wa namna hiyo.

Mzee Luvanda alikuwa jikoni kwake, mgane wa miaka themanini na moja, anamenya viazi kwa kisu kilichowahi kuchuna pofu mamia. Magoti yake yalikuwa yamekufa siku nyingi, alitembea kwa fimbo mbili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mbona umekuja siku ya kazi?" Alimtazama vizuri zaidi. "Kaa. Kuna msiba?"

Twilumba alivuta kigoda, akachukua kiazi kimoja kwenye beseni ili mikono ipate la kufanya. "Baba, nataka kukuuliza. Mnyama mwenye ndege mgongoni hapigwi. Kwa nini?"

Kisu cha mzee kilisimama. Kikaendelea.

"Kwa sababu shashi ana kelele," alisema. "Ukimnyatia mnyama mwenye shashi, ndege anakuona kwanza, anapiga yowe, kundi lote linakimbia, umepoteza siku. Kwa hiyo hapigwi. Unangoja."

"Unangoja nini?"

"Ndege aondoke. Akiondoka upesi, mnyama ni mzima, unaweza kumpiga au kumwacha, shauri lako na njaa yako. Akikawia, unajua kuna kitu. Hapo unaacha wengine wote, unamfuata huyo mmoja mpaka jioni. Unatazama kama anacheua. Unatazama anakunywa wa ngapi. Unatazama kama wenzake wanamngoja au wanamwacha." Mzee aliweka kiazi chini. "Asiyecheua, huyo ndiye wako. Babu yako alisema huyo ameletwa. Lakini kama ana ndege na bado anacheua vizuri, usimguse. Huyo anapigana na ugonjwa na anaushinda. Huyo ndiye mbegu."

Twilumba alikirudisha kiazi chake kwenye beseni. "Hilo hukuniambia."

"Hilo hufundishwa ng'ambo ya kijito," alisema mzee. "Wewe hukuvuka."

Basi akamweleza. Alieleza juu ya Msasi, ndege, mihuri ya kijani, Ijumaa. Mzee hakumkatiza. Alipomaliza, mzee alifunika viazi kwa sahani, akaomba fimbo zake.

"Nipeleke," alisema.

Walifika Mbegasi kabla ya saa nne. Twilumba alikuwa amezima Msasi, na Kikoti alikuwa ametangulia na bunduki aliyoitoa stoo ya Mamlaka. Ilikuwa ya mbao na chuma, namba imechongwa kwenye kitako. Mzee aliitambua kabla hajaishika. Alipitisha kidole kwenye ile namba, akairudisha kwa Kikoti.

"Kamwene, mwanangu," alimsalimu kwa Kihehe. "Mlikuwa mnaipaka mafuta?"

"Kila mwezi, mzee."

"Asante."

Kijito kilikuwa chembamba kuliko Twilumba alivyokikumbuka. Jiwe bapa lilikuwa palepale. Mzee alilifikia kwa taabu, akakaa, akanyoosha miguu.

"Mimi siwezi kuvuka," alisema. "Utavuka wewe. Kikoti abaki na mimi. Wasasi wawili wanazungumza, mmoja ananyamaza."

Twilumba alivua viatu, akapokea bunduki kwa Kikoti. Alikuwa amefyatua bunduki za sindano za usingizi maisha yake yote, shabaha haikumtisha. Kilichomtisha ni kwamba kufikia Ijumaa wengi wangekufa kwa mkono wake, na wote walikuwa wamefanywa wagonjwa na mkono huohuo.

"Twilumba," aliita mzee. Hakumwita mama wala mwanangu. "Siku ile uwanjani nilijua."

Aligeuka. "Ulijua nini?"

"Uliposema ile kanuni, nilijua umesema nusu."

Kikoti alisogea mbali kidogo, akaanza kutazama maji.

"Mbona hukuniambia, baba?"

"Ulikuwa umesimama mbele ya wakubwa, umelitaja jina langu. Mimi, mtu wa porini. Watu wanapiga makofi. Ningeinuka niseme mtoto wangu amekosea? Nikasema nitamwambia jioni. Jioni mlikuwa na karamu. Kesho yake ukarudi mjini. Baadaye nikasikia wanakusifu redioni, nikajiambia labda mashine inajua kuliko mimi." Alipangusa mdomo. "Mwaka wa tatu nilianza kuletewa nyama nzuri mno. Nikaila. Mwindaji anajua nyama nzuri kila wiki inatoka wapi. Nikaila, nikanyamaza. Nilikuwa nakuonea fahari, ndiyo maana. Majuto ni mjukuu."

Twilumba alimkasirikia. Alimkasirikia sana, mpaka macho yakamwuma, akataka kumwuliza kama fahari yake ilikuwa na thamani ya pofu elfu tatu. Kisha akakumbuka kwamba katika miezi tisa ya kuandika kanuni alishauriana na wataalamu wa nchi sita, lakini nyumbani kwa baba yake, saa moja tu kwa gari, hakwenda hata siku moja kuuliza.

"Na mimi sikukuuliza," alisema.

Mzee alitikisa kichwa. Alinyoosha fimbo moja kuelekea ng'ambo. "Nenda. Upepo unatoka huku, zunguka kwa kulia. Na usiwe na haraka. Ndege akikawia, nawe kawia."

Akavuka. Maji yalimfika magotini.

Alikuwa na miaka arobaini na sita, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga ng'ambo kama msasi. Alizunguka kwa kulia, akakaa chini kwenye kichuguu kilichobomoka, hatua sitini kutoka kwa kundi. Hapo akangoja. Aliona vidonakupe vikitua na kuruka, vikitua na kuruka. Vitano vilimkalia jike mmoja mwenye bega lililonyonyoka, na jike huyo alikuwa akicheua kwa utulivu kabisa. Twilumba alimkumbuka: mwaka jana alimwandika miongoni mwa wanaokufa. Alimwacha. Ndiye mbegu.

Jike wa pili alikuwa na vidonakupe vitatu shingoni. Saa ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, havikuruka. Taya lake halikusogea. Kundi liliposogea majini yeye alibaki, na hakuna aliyemngoja isipokuwa ndama wake wa miezi kama saba, aliyesimama ubavuni kwake akimsukuma kwa kichwa. Jua lilipanda, likasimama, likaanza kuinama. Twilumba alikojoa palepale alipokuwa, maana alifundishwa asiinuke. Saa kumi jioni jike alijaribu kulala, miguu ikakataa kukunja.

Alifyatua. Jike alianguka kwa ubavu na hakutikisika tena. Ilikuwa risasi nzuri, baba yake ng'ambo angejua kwa mlio tu kwamba haikuhitaji ya pili.

Vidonakupe viliruka juu. Vilizunguka kidogo hewani, vikitafuta joto. Viwili vikaelekea majini kwenye kundi. Cha tatu kikashuka, kikatua mgongoni mwa ndama.

Twilumba alitoa ganda la risasi, akaweka risasi nyingine. Aliiweka bunduki mapajani, akaegemea kichuguu, akaanza kulitazama taya la ndama. Huenda mashine inapumzika tu, alijiambia. Huenda itaruka sasa hivi. Alihesabu dakika ya kwanza, ya pili, ya kumi.

Ndama alikuwa amesimama kando ya mama yake, kidonakupe mgongoni, na taya lake lilikuwa bado halijasogea.